Nyumba ya Iguguno na Majirani Zake

Kamati ya jarida hili la kumbukumbu ilipotuomba makala ya historia, bila shaka ilitarajia tuandike habari za hekalu: nani alitoa kiwanja, nani aligharimia marumaru, sanamu zilikuja kwa meli gani. Habari hizo zimekwisha kuandikwa katika majarida yaliyotangulia, tena na watu wenye kumbukumbu nzuri kuliko zetu. Sisi tumeomba ruhusa ya kuandika juu ya nyumba moja ya familia iliyoko Iguguno, mkoani Singida, pamoja na mtaa unaoizunguka. Tunaamini kwamba mtu atakayetafuta historia ya jamii yetu katika mahekalu ya mijini peke yake ataikuta nusu tu. Kabla ya hekalu palikuwapo chumba cha ndani nyuma ya duka, chenye rafu ya mbao, picha ya Krishna iliyotiwa kioo, na taa ya samli. Samli hiyo ilinunuliwa kwa jirani mwenye ng'ombe, asubuhi ile ile, kwa kibaba.

Iko pia sababu ya pili. Mwaka huu ndugu zetu wanaoishi Leicester na Toronto wametuletea maoni yao, na wanunuzi wamekwisha kufika na futi ya kupimia. Kiwanja kinatazama barabara kuu ya lami. Anayekitaka haitaki nyumba. Anataka kuibomoa, ajenge fremu za maduka chini na gesti juu. Sisi tuliopata riziki yetu kwa kuuza simenti, nondo na mabati tunazifahamu hesabu za mnunuzi huyo, wala hatumlaumu. Lakini kabla ya kuuza kitu ni vyema kujua ni cha nani, na kwa nyumba ya Iguguno swali hilo lina jibu refu.

Kwa msomaji ambaye hajapata kupita upande huo, Iguguno imo katika Wilaya ya Mkalama, iliyomegwa kutoka Iramba mwaka 2012 na yenye makao yake makuu Nduguti. Abiria atokaye Singida mjini kwenda Mwanza huipita mapema katika safari yake, kabla ya Misigiri, na kabla ya gari kuteremka mlima Sekenke kuelekea Shelui na Igunga. Ni nchi ya Wanyiramba, Wanyaturu na Wanyisanzu. Mbali zaidi, kuelekea bonde la Ziwa Eyasi, wako Wahadzabe. Mvua huja msimu mmoja tu kwa mwaka, tangu Novemba au Disemba hadi Aprili, na miezi iliyobaki ni ya upepo na vumbi. Hulimwa mtama, uwele, karanga na vitunguu, na siku hizi alizeti imeenea kila upande, hata mwezi wa mavuno yake mtu akisimama barazani kwetu husikia harufu ya mashudu kutoka vinuni.

Wafanyabiashara hawakufika huko kwa bahati. Wajerumani walijenga boma lao Mkalama, na Sekenke walichimba dhahabu. Dhahabu hiyo ndiyo iliyopigiwa sarafu ya rupia 15 mjini Tabora mwaka 1916, yenye picha ya tembo, wakati vita vilipokuwa vimefunga njia ya baharini na serikali yao imeishiwa fedha. Zilipigwa sarafu zipatazo 16,000, na anayemiliki moja leo ana mali. Reli ya Kati, iliyoanzwa Dar es Salaam mwaka 1905, ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ikipitia Manyoni. Penye reli na penye mgodi watu walihitaji chumvi, kitambaa, sabuni na mafuta ya taa, na mahitaji hayo yaliwavuta wachuuzi, Waarabu kwanza, kisha watu wa Kutch na Kathiawar. Baadaye Waingereza waliweka makao ya wilaya Singida, na katika miaka ya 1930 wakajenga tawi la reli kutoka Manyoni, kupitia Singida, hadi Kinyangiri, upande wetu huu. Tawi hilo halikudumu. Katika miaka ya 1940 lilifungwa na kung'olewa, na njia ya Manyoni hadi Singida ikaja kujengwa upya muda mrefu baada ya uhuru. Lakini katika miaka ile michache mtu wa Porbandar aliweza kufika karibu na Iguguno kwa meli na garimoshi, bila kupanda punda wala kuchosha miguu yake, na babu yetu alikuwa mmoja wa waliofanya hivyo.

Hapa hatuna budi kueleza neno. Kwa Kigujarati baba wa baba huitwa dada, ndugu wa kiume wa baba huitwa kaka, na ndugu wa kiume wa mama huitwa mama. Watoto wa Iguguno walicheka hadi wakakaa chini waliposikia tukimwita mzee mwenye sharubu nene "mama". Katika makala hii tutasema babu na mjomba, ili tuelewane.

Babu yetu alitoka katika kijiji ambacho mvua zake zilikuwa haba kama za Singida, jambo ambalo yeye alilisema kwa kujifariji na bibi yetu alilisema kwa uchungu. Alianza kama ilivyokuwa desturi ya wengi: alifanya kazi miaka kadhaa katika duka la jamaa mjini Singida kwa chakula, malazi na mshahara mdogo, kisha akapewa mzigo wa bidhaa kwa mkopo aende kufungua duka porini, na deni alilipe kwa mazao. Mnyororo huo wa mikopo ulianzia kwa mwagizaji mkubwa wa Dar es Salaam, ukapitia kwa mwenye duka la Dodoma na Singida, ukaishia kwa mwenye mizani chini ya mti. Pete ya mwisho ya mnyororo, ambayo vitabu vya uchumi huisahau, ilikuwa mkulima aliyechukua doti ya kaniki mwezi Januari, akaahidi kulipa karanga mwezi Mei.

Duka la kwanza la babu lilikuwa tembe: kuta za miti na udongo, na dari ya udongo iliyo bapa, kama nyumba nyingine zote za hapo. Walilijenga majirani kwa ustadi wao, kwa sababu fundi mwingine hakuwapo. Nyumba tunayoizungumzia ilikuja baada ya Vita vya Pili, babu alipopimiwa kiwanja kando ya barabara. Chini ya Sheria ya Ardhi ya 1923, ardhi ya Tanganyika iliwekwa mikononi mwa Gavana, na mwenye kiwanja alipewa haki ya kukitumia kwa muda uliotajwa. Muda wa juu kabisa ulikuwa miaka 99. Viwanja vya maduka katika vituo vidogo vilipewa muda mfupi zaidi, na chetu kilipewa miaka 33. Tunawaomba wasomaji waikumbuke namba hiyo.

Msingi ni wa mawe. Singida haina shida ya mawe. Majabali yake yamelala kila mahali kama mifugo iliyopumzika. Mafundi waliyawashia moto usiku kucha, wakayamwagia maji alfajiri, yakapasuka. Kuta ni za matofali mabichi yaliyokaushwa juani, zikapigwa lipu ya saruji nene kiasi ambacho leo hakuna mteja wetu angekubali kulipia. Mbele kuna baraza yenye nguzo nne. Nyuma yake kuna duka lenye milango ya mninga ya pande mbili, kisha ghala, kisha ua wenye vyumba vitatu, jiko, na tangi la kukinga maji ya mvua kutoka kwenye mabati. Katikati ya ua bibi alipanda mtulasi aliouzunguka kila asubuhi akiwa na kichombo cha maji. Jirani zetu waliutambua mara moja. Kwao ulikuwa ndugu wa kivumbasi, wakaomba matawi ya kufukuzia mbu, na bibi, baada ya kusitasita siku chache, akapanda mwingine nje ya ukuta kwa ajili hiyo. Mpaka wa kiwanja ulikuwa ua wa minyaa.

Ni vizuri kuilinganisha nyumba hiyo na zile ambazo majarida yetu huzipiga picha. Dar es Salaam ya wakoloni iligawanywa kwa rangi, nayo mitaa ikaitwa kwa uwazi Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, kila mmoja na kanuni zake za ujenzi. Baada ya vita Upanga ilipimwa, na watu wetu wakajenga huko nyumba za familia zenye bustani na geti, mbali kidogo na kelele za madukani. Ulikuwa mtaa mzuri, na wengi wanaosoma makala hii wamelelewa hapo. Lakini mtoto wa Upanga aliweza kwenda shule, hekaluni, kilabu na kwa shangazi zake wiki nzima bila kuingia katika nyumba ya Mwafrika hata moja. Iguguno haikuwa na watu wa kutosha kuunda Uhindini. Maduka yalikuwa mstari mmoja mfupi, letu, la Mwarabu, na mengine machache yaliyofunguliwa na kufungwa. Ukuta wa nyuma wa jiko letu ulitazama shamba la mtama la jirani, na ugonjwa ukiingia usiku, mlango uliogongwa ulikuwa wake.

Kumbukumbu ya maisha hayo imo katika daftari za babu, zile ndefu zenye jalada la kitambaa chekundu ambazo sisi huziita chopda. Kila Diwali daftari jipya huwekwa mbele ya taa, likaandikwa "Shubh" na "Labh" katika ukurasa wa kwanza, na mwaka huanza upya. Miaka yake ni ya Vikram Samvat, inayotangulia kalenda ya kawaida kwa miaka 56 au 57 kulingana na mwezi. Tunayo madaftari kumi na moja. Mengine yaliliwa na mchwa. Upande mmoja ni jama, yaani kilichopokewa, na upande wa pili udhar, yaani kilichotolewa kwa deni. Majina ya Kinyiramba na Kinyaturu yameandikwa kwa herufi za Kigujarati, na pale babu aliposhindwa na jina aliandika sifa: mama wa mapacha, mwalimu wa misheni, mwenye ng'ombe mwekundu, fundi wa baraza. Huyo wa mwisho alikuwa fundi wa cherehani aliyeshona nguo barazani kwetu kwa miaka ipatayo thelathini. Mwalimu wa misheni alikuwa mmoja wa waliosomeshwa na Walutheri wa Augustana kutoka Marekani, walioanzisha shule na hospitali nyingi huko Iramba.

Tulipoyasoma madaftari hayo kwa utulivu, baada ya baba yetu kufariki, jambo moja lilitushangaza. Tulikua tukiambiwa kwamba kijiji kilikuwa na deni kwetu. Kurasa zinaonyesha pia kinyume chake. Watu waliweka fedha zao kwa babu: bei ya ng'ombe aliyeuzwa mnadani, mshahara wa kijana aliyetoka mkongeni Tanga, mahari ambayo bado haijatimia. Benki ilikuwa mbali, na sanduku la chuma lilikuwa kwetu. Katika miaka kadhaa amana hizo zinazidi madeni. Maana yake ni kwamba katika miaka hiyo duka liliendeshwa kwa fedha za majirani, nao hawakuwahi kudai faida. Wanaopenda kusema kwamba babu zetu walikuja na mtungi na kamba wakajenga kila kitu kwa mikono yao wenyewe wangefaidika kuzisoma kurasa hizo.

Hatuandiki hivyo ili kuipaka nyumba asali. Mizani ya wachuuzi ililalamikiwa kote nchini, na malalamiko mengi yalikuwa ya kweli. Bei ya karanga mwezi Mei iliwekwa na aliyeshika daftari. Ndani ya nyumba yetu palikuwa na vizingiti vitatu. Barazani alikaa yeyote. Dukani aliingia mnunuzi. Uani na jikoni hakuingia mtu asiye wa nyumbani. Baba yetu alipokelewa duniani na mkunga wa Kinyiramba, katika chumba cha pili upande wa kushoto, kwa sababu hospitali ilikuwa mbali na saa yenyewe ilikuwa ya usiku. Mwanamke huyo aliruhusiwa kuingia hadi kitandani, akamshika mtoto kabla ya bibi kumshika. Asubuhi alipewa chai na chapati, naye akavila barazani, katika kikombe chake cha bati kilichotundikwa kwenye msumari wa nje. Msumari huo ungalipo. Katika majarida yetu ya kumbukumbu mambo kama haya hayaandikwi, kwa kuwa tunaona haya mbele ya watoto wetu; lakini watoto wetu wameyasikia kwingine, na kwa maneno makali zaidi.

Kisha nchi ikabadilika. Azimio la Arusha lilitangazwa Februari 1967, na maneno kupe, mirija na unyonyaji yakaingia katika hotuba na nyimbo za shule. Tarehe 22 Aprili 1971 yalitwaliwa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Majengo yanayokaribia 3,000 yaliingia mikononi mwa Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 yakahamia Shirika la Nyumba la Taifa. Jengo lililozidi umri wa miaka kumi halikulipiwa fidia. Watu wetu wengi walifunga masanduku katika miaka iliyofuata, na leo Leicester ina familia zinazoikumbuka Dodoma vizuri kuliko sisi. Hatutaki kurudia hapa mabishano ya karamuni. Tunasema tu mambo mawili. Mwalimu Nyerere hakuzitwaa nyumba kwa kuwa ni za Wahindi. Sheria ilitaja thamani na kodi, ingawa kila mtu alijua nyingi ni za nani. Na mpangaji wa Kariakoo aliyelala na wanawe watano katika chumba kimoja alikuwa na habari yake mwenyewe ya kusimulia juu ya wenye nyumba.

Nyumba ya Iguguno haikuguswa. Haikufikia thamani hiyo, wala haikupangishwa. Kilichoigusa kilikuja baada ya miaka mitano. Tangu mwishoni mwa 1973 iliamriwa kwamba watu wote wa mashambani wakae katika vijiji kabla ya mwaka 1976 kwisha, na kaya zilizokuwa zimetawanyika mashambani zikasogezwa kandokando ya barabara. Mtaa wetu ulikua kwa msimu mmoja kuliko ulivyokua kwa miaka ishirini. Mwanzoni mwa 1976 ikaja Operesheni Maduka: maduka ya watu binafsi vijijini yafungwe, na biashara ishikwe na duka la ushirika la kijiji. Sisi tulikuwa vijana wakati huo, tuko shule ya sekondari Singida mjini, tukaitwa nyumbani kusaidia kuhesabu. Ukurasa wa mwisho wa daftari la Samvat 2032 ni mwandiko wetu. Babu alikaa barazani siku nne. Kwa siku hizo alirudisha amana, mmoja baada ya mwingine, kila mtu akitia dole gumba. Madeni ya upande wa pili hakuyadai. Baba alimwuliza kwa nini, naye akajibu kwamba wadaiwa hawahami, na sisi hatujaamua kama tunahama.

Hatukuhama mara moja. Kwa muda wa miezi tisa nyumba ilibaki bila duka, na bila duka hapakuwa na unga, sukari wala mafuta ya kununua. Ndipo vizingiti vilipoondoka. Mke wa fundi wa cherehani alileta mtama, bibi akaja kujifunza kuupika, na mtu hawezi kufundishwa kupika ugali akiwa barazani. Wanawake wale wawili walikaa jikoni, mmoja akisonga na mwingine akikaanga mboga kwa bizari. Baadaye bibi alisema kwa unyonge kidogo kwamba jiko halikuanguka. Babu alifariki mwaka uliofuata, na wazee wa kijiji walibeba kuni za mninga na mkola kwa ajili ya kumchoma, huku wakituuliza mara tatu kama kweli hatutaki kuchimba kaburi.

Baba alihamia Singida mjini na kuanza upya na lori moja bovu. Miaka ya dhiki ya mwanzoni mwa 1980 ilipita, biashara ikafunguliwa tena kuanzia 1984, na kazi yetu ya vifaa vya ujenzi ikaota mizizi. Nyumba ilibaki mikononi mwa fundi wa cherehani, kisha ya mwanawe. Kodi hatukutoza, yeye alitengeneza paa na kupalilia minyaa. Ghala leo lina kinu cha kukamulia alizeti, na baraza lina wauza vitunguu.

Sasa tunairudia ile namba. Miaka 33 ya kiwanja ilikwisha mapema katika miaka ya 1980, wakati ambapo hakuna mtu wa familia aliyekuwa na akili ya kufuatilia karatasi. Kisheria hatukuwa na kitu. Ardhi yote ni ya umma, na kiwanja kilichoachwa huweza kupewa mwingine. Miaka mingi baadaye, barabara ya lami ilipoanza kujengwa na kila hatua ya mbele ikawa na bei, alitokea mtu wa mbali aliyedai kwamba kiwanja hakina mwenyewe. Suala likafikishwa katika kikao cha kijiji. Tulikwenda na bahasha ya hati iliyokufa na risiti za enzi za Waingereza. Hazikusomwa. Walisimama wazee watatu, mmoja akiwa mtoto wa yule mkunga, wakatembea hadi kwenye minyaa, wakaonyesha pembe nne. Mmoja wao alisema baba yake ndiye aliyepasua mawe ya msingi. Mwingine alieleza jinsi mahari ya dada yake ilivyokaa salama katika sanduku la chuma kwa misimu miwili, ikatoka kamili. Kikao kilitutambua siku hiyo hiyo. Karatasi tulizonazo leo, ambazo ndugu zetu wa ng'ambo huziita hati ya familia, zimetokana na maneno ya wazee hao.

Ndiyo maana tumesema kwamba swali la nyumba ni ya nani lina jibu refu. Ndugu yetu mmoja ameandika kutoka Toronto kwamba hisia hazilipi ada ya chuo, na ana watoto wawili chuoni; hatuwezi kumwambia amekosea. Mwingine anapendekeza tuuze, kisha sehemu ya fedha tuitoe kwa hekalu, na jina la babu liandikwe kwenye marumaru. Kamati itatusamehe tukisema kwamba marumaru ya hekalu letu yana majina ya kutosha. Tungependelea nyumba isimame, kinu kiendelee kusaga, na chumba cha pili upande wa kushoto, ambacho sasa ni stoo ya magunia matupu, kipakwe chokaa. Bei ya kukarabati tumeipiga wenyewe: mabati mapya, mbao za paa, lipu ya ukuta wa nyuma uliolowa, na mfereji wa kupeleka maji tangini. Si fedha ndogo. Ni pungufu, hata hivyo, kuliko tulizotumia katika harusi ya mwisho ya familia.

Madaftari kumi na moja tumeyapeleka kupigwa picha ukurasa kwa ukurasa, na kijana wa ukoo anayesoma Kigujarati vizuri ameanza kuyaandika majina kwa herufi za Kiswahili, ili wajukuu wa walioweka amana waweze kuwaona wazee wao. Amefika Samvat 2014. Kikao cha familia kitakuwa wiki mbili baada ya Diwali, Iguguno kwenyewe, uani. Wa ng'ambo watasikiliza kwa simu. Sisi tuliobaki nchini tutapiga kura ya kutokuuza. Tumeomba pia waalikwe mwana wa fundi wa cherehani na wale wazee wa minyaa walio hai, wawili sasa, na kwamba wao waseme kwanza. Chakula kitapikwa na nyumba zote mbili, katika jiko lile lile.